Kwa nini samaki krapi anapenda chini ya gati wakati baridi inakaribia



Kwa numero hii sisi wa kikundi cha masomo ya viumbe tumeombwa kueleza habari moja ya inchi ya mbali. Wengine wenu mmeona katika vitabu vya maktaba picha za Wamarekani wakivua samaki wakiwa wamevaa makoti mazito, kofia za sufu na glavu, majani ya miti yote yameanguka, na wao wamesimama juu ya mbao kando ya ziwa. Mtu wa kwetu akiona picha ya namna ile atasema: huyu ana wazimu ao ana njaa. Lakini hana wazimu, na mara nyingi hana njaa. Anajua neno moja juu ya maji, na neno lile ndilo tunataka kuwaelezea, kwa sababu linagusa fizika na biolojia pamoja, tena linasaidia kufahamu maziwa yetu wenyewe.

Samaki anayetafutwa anaitwa krapi. Wale wanaopenda somo la Kifaransa wafurahi, kwa maana jina lile lilitoka katika neno crapet, la watu wa Kanada wanaosema Kifaransa. Katika jimbo la Louisiana, ambako Wafaransa walikaa zamani, anaitwa sac-à-lait, ndiyo kusema mfuko wa maziwa. Wengi wanadhani ni kwa ajili ya nyama yake nyeupe. Lakini wajuzi wa lugha wanaeleza kwamba wenyeji wa kabila la Choctaw walikuwa na neno sakli, jina la samaki, na Wafaransa walipolisikia waligeuza kufwata masikio yao. Sisi tunapendelea maelezo haya ya pili. Hata kwetu tunajua ginsi wageni walivyogeuza majina ya mito na ya milima.

Kuko krapi wa namna mbili: mweupe na mweusi. Mvuvi anayetaka kuwatofautisha hatazami rangi tu, kwa sababu rangi inabadilika kufwata maji; anahesabu miiba ya pezi la mgongoni. Mweupe ana miiba 5 ao 6, mweusi ana 7 ao 8. Wote wawili ni wenyeji wa mashariki na katikati ya Amerika ya Kaskazini. Umbo lao ni bapa na la kuinuka mgongo, hata mtu wa kwetu angefikiri ni ndugu ya ngege, lakini si jamaa moja. Krapi wa kawaida ana urefu wa santimetre 20 mpaka 30 hivi. Mkubwa wa kushangaza kabisa, krapi mweusi aliyevuliwa Tennessee mwaka 2018, alifikia karibu kilo 2 na nusu.

Mambo mawili ya mwili wake yashikwe vizuri, maana yatarudi mbele. La kwanza ni kinywa: ngozi ya kinywa chake ni nyembamba sana, hata wavuvi wanamwita kinywa cha karatasi. La pili ni macho: yanatazama zaidi upande wa juu, naye anakula kwa kupanda, si kwa kushuka. Chakula kikipita chini ya tumbo lake anakiacha kipite.

Sasa tuje kwa maji.

Wakati wa joto, yaani mwezi wa 6 mpaka mwezi wa 8 kule kwao, jua linapasha maji ya juu ya ziwa. Maji ya moto ni mepesi, yanabaki juu. Maji ya baridi ni mazito, yanabaki chini. Katikati kuko tabaka nyembamba ambamo joto linashuka kwa haraka. Aliyeogelea pale anasikia miguu inaganda kumbe kifua kina joto. Upepo unatikisa maji ya juu, lakini hauna nguvu ya kuyachanganya na yale ya chini. Basi ziwa linakuwa sawa nyumba ya orofa mbili isiyo na ngazi. Orofa ya chini haipati hewa mpya. Majani na viumbe vilivyokufa vinashuka mule na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni, mpaka katika maziwa mengi inakwisha kabisa. Samaki hawezi kukaa mule. Analazimika kukaa orofa ya juu, hata kama maji yake ni ya moto kupita anavyopenda.

Mwezi wa 9 na wa 10 usiku unakuwa mrefu na baridi inaingia. Maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka. Mengine yanapanda, nayo yanapoa na kushuka. Siku kwa siku ile tabaka ya katikati inasukumwa chini, na siku moja upepo mkali unakuja, na ziwa lote linachanganyika kutoka juu mpaka chini. Wao wanasema ziwa limepinduka. Maji yanaweza kuchafuka kwa siku kadhaa, mara nyingine yananuka mayai yaliyooza ju ya gezi iliyokuwa imefungwa kule chini, na samaki wanatawanyika ovyo. Mvuvi wa krapi anajua kwamba juma lile ni afadhali abaki nyumbani akashone nyavu zake. Lakini kiisha maji yakitulia, ziwa lote lina oksijeni, na joto ni moja karibu kila mahali. Samaki sasa yuko huru kukaa kina chochote anachotaka.

Wale wa sehemu ya sayansi watauliza: mbona ziwa haliendelei kupoa mpaka barafu ianzie chini? Ni kwa sababu maji yana tabia isiyo ya kawaida. Yanazidi kuwa mazito mpaka yafikie digri 4, lakini yakishuka chini ya digri 4 yanaanza tena kuwa mepesi. Kwa hiyo maji ya digri 1 ao 2 yanaelea juu, na barafu inafanyika juu kama kifuniko, na chini yake yanabaki maji ya digri 4 ambamo samaki anaishi mpaka jua lirudi. Kama maji yangekuwa na tabia ya vitu vingine, maziwa mengi ya kaskazini yangejaa barafu kuanzia chini. Tunaona kwamba neno hili peke yake linastahili saa nzima ya somo.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo, kwa ajili ya neno "kupinduka". Ziwa la Missouri likipinduka, ni baraka: chini kunapata hewa. Je, Tanganyika yetu inapinduka? Hapana. Ina kina cha metre 1.470, na maji yake hayapoi vya kutosha: juu yana digri 25 mpaka 28 hivi, na kule chini kabisa yana zaidi ya 23. Tofauti ni ndogo, lakini imedumu miaka maelfu, na oksijeni inafika metre 100 hivi tu upande wa kaskazini, na karibu 200 upande wa kusini. Chini ya pale hakuna samaki hata mmoja. Ila wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya chini yanapanda na chakula chake. Hii ndiyo sababu moja ya kuona ndagala wanakuwa wengi kwa majira, wanapungua kwa majira mengine. Na Kivu je? Tuombe isipinduke kamwe. Ndani yake chini kumefungwa gezi ya kaboni na metani nyingi mno. Ziwa dogo la Nyos, kule Kameruni, lilitapika gezi yake usiku wa tarehe 21 mwezi wa 8, 1986, na watu karibu 1.700 walikufa, wengi wakiwa vitandani mwao, pamoja na ngombe zao. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana, na watu wanaokaa kando yake ni mamilioni. Kwa hiyo neno moja, huku ni uzima na kule ni mauti.

Turudi kwa krapi.

Samaki hana moto wa ndani kama sisi. Mwili wake una joto la maji yaliyomzunguka. Maji yakiwa digri 25 anakimbia na anakula kila mara. Yakishuka kati ya 15 na 10, ndiyo kusema mwezi wa 11 katika sehemu za katikati, na hata mwezi wa 12 kule kusini, mwendo wake unapungua, hataki tena kufukuza chakula mbali, lakini bado anakula, maana baridi kamili iko mbele. Basi anatafuta mahali ambapo chakula kitakuja chenyewe. Chakula chake ni nini? Akiwa mdogo ni wadudu wa maji wasioonekana vizuri kwa macho; akikua ni samaki wadogo, zaidi wale waitwao shadi. Na shadi hawa ni wa ukoo wa heringi na sardini, sawa na ndagala wetu wa Tanganyika na sambaza wa Kivu. Kuko shadi wa namna moja ambaye hawezi kuvumilia baridi. Maji yakikaribia digri 5 anaanza kufa kwa wingi. Mbele ya kufa analegea, anatetemeka, anazunguka kama mlevi. Mnafahamu sasa kwa nini krapi anakaa tu na kungojea?

Na mahali pa kungojea ni chini ya gati. Tunaposema gati tusiwaze gati la Kalemie lenye mashini za kupakia mizigo. Tunasema vidaraja vidogo vya mbao, wengine kwetu wanasema ponto, ambavyo kila mwenye nyumba kando ya ziwa anajenga ili afunge mashua yake. Vingine vimesimama juu ya nguzo, vingine vinaelea. Ziwa moja linalojulikana sana kwa mambo haya ni Lake of the Ozarks, katika jimbo la Missouri. Si ziwa la asili: lilitokea wakati ukuta wa Bagnell ulipofunga mto Osage kwa ajili ya umeme, mwaka 1931. Ni mwaka mmoja tu nyuma ya ukuta wetu wa Mwadingusha juu ya mto Lufira, ambao ulitupa ziwa Tshangalele. Mabonde mengi yalijaa maji, ndiyo sababu pwani zake zinajikunja kama nyoka na kufikia zaidi ya kilometre 1.800, na juu yake kuna magati maelfu na maelfu.

Gati linampa krapi mambo kadhaa kwa mara moja. Kivuli: yeye yuko gizani na anaona vizuri shadi anayepita katika mwanga, lakini shadi hamwoni. Nguzo: juu yake kunaota majani laini ya maji, na wadudu wanayala, na samaki wadogo wanawala wadudu. Ulinzi: ndege wakubwa wanaokula samaki hawawezi kumfikia chini ya mbao. Na wenye magati wanaongeza tena. Wanakata matawi, wanayafunga na tofali za simenti, wanayazamisha mbele ya gati yao ili samaki wapate pori la kukaa. Nyuma ya sikukuu ya Noeli wengine wanazamisha ule mti wa Noeli waliokuwa wamepamba nyumbani! Mtu asiwacheke. Ndugu zetu wa Benin wanapanda matawi katika maji ya Nokoué kwa shauri lile lile tangu zamani, tena bila kungojea Noeli.

Lakini si kila gati lina samaki. Wavuvi wanasema ukipita magati 10, unaweza kupata krapi chini ya moja ao mawili, na mengine ni bure kabisa. Gati zuri kwa mwezi wa 11 ni lile ambalo mwisho wake unafikia maji ya metre 3 mpaka 6, ao liko karibu na njia ya zamani ya mto uliofunikwa, kwa sababu samaki anapenda kuwa na mlango wa kushukia kilindini kama baridi inazidi. Gati lililo katika maji mafupi, ambalo mwezi wa 4 lilijaa samaki waliokuja kutaga mayai, sasa ni nyumba tupu. Tena katika maziwa mengine ya umeme, wenye ukuta wanashusha maji mbele ya masika. Katika Kentucky Lake yanashushwa karibu metre 1 na nusu. Gati lililokuwa na kina wakati wa joto linaweza kubaki limesimama juu ya matope.

Kuko na alama nyingine isiyo ya fizika, nasi ilituchekesha. Mvuvi mwerevu hatazami maji tu, anatazama gati lenyewe. Akiona vyuma vya kushikia fimbo za kuvulia, taa inayoelekea majini, na meza ya kupasulia samaki, anajua mwenye gati ni mvuvi, na mvuvi hakosi kuzamisha matawi. Anasimamisha mashua pale.

Ile taa tusiipite bure. Usiku inavuta wadudu wadogo wa maji, wadudu wanavuta shadi, shadi wanavuta krapi. Wazee wetu wa Tanganyika walifanya hivyo na moto wa kuni juu ya mtumbwi, kiisha na taa za petroli, na sasa na taa za betri. Na wao kama sisi wanajua kwamba usiku wa mwezi mkubwa taa haifai kitu, maana mwanga uko kila mahali.

Sasa ginsi ya kuvua, ao kama wengi wetu tunavyosema, kuloba. Wanatumia fimbo fupi, kama metre 1 na nusu ao kupita kidogo, yenye ncha laini, na uzi wa nailo mwembamba unaoweza kubeba kilo 2 hivi tu. Kwenye uzi wanafunga ndoana ndogo iliyomiminiwa kichwa cha risasi, uzito wake grami 1 mpaka 2, na juu ya ndoana wanavika mkia wa mpira laini ao manyoya. Manyoya yale yanaitwa marabu, na kweli kwanza yalitoka kwa ndege yetu marabu wa Afrika, yule mwenye shingo tupu anayezunguka jalalani. Siku hizi wanatumia manyoya ya dendo, lakini jina limebaki. Wengine hawataki mambo ya mkia, wanatia samaki mdogo mzima, wanamtundika chini ya kipande cha kuelea, na wanangoja.

Shida ni kwamba samaki yuko ndani kabisa, chini ya mbao, pengine metre 3 ao 4 kutoka ukingoni, na nafasi kati ya mbao na maji ni ya shibiri mbili. Ukitupa ndoana kwa kawaida itagonga mbao. Basi wamevumbua namna ya kutupa kama mshale. Mvuvi anakaa chini katika mashua, anashika kichwa cha risasi kwa vidole viwili vya mkono mmoja, ncha ya ndoana ikitazama nje ili isimchome, anavuta mpaka fimbo inajikunja kama upinde, kisha anaachilia. Ndoana inaruka sambamba na maji, inadunda juu ya uso mara moja ao mbili kama jiwe bapa ambalo watoto wanarusha, na inaingia gizani mpaka nyuma ya nguzo ya mwisho. Mtu anayejua anapitisha katika tundu la upana wa sahani. Asiyejua anatundika ndoana katika kiti cha mwenye gati.

Ikiisha kuingia, hapa ndipo wengi wanaharibu kazi: wanavuta mapema. Wakati wa baridi lazima kuacha ndoana ishuke yenyewe polepole, na kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kama samaki amekamata kwa hesabu ya sita, mara ijayo utajua ashuke mpaka sita, si kumi. Ni bora ndoana iwe juu ya samaki kidogo kuliko chini yake, kwa sababu ya yale macho tuliyosema. Kisha inavutwa pole, kwa kusimama-simama. Na krapi wa mwezi wa 11 haupigi uzi kwa nguvu. Mara nyingi anapanda na chakula kinywani, na uzi, badala ya kukazika, unalegea. Mvuvi anayengojea mshtuko atangojea mpaka mangaribi. Anayetazama uzi ataona umelala juu ya maji kabla ya wakati wake, na atainua fimbo, bila kukurupuka, maana kinywa cha karatasi kinapasuka. Saa nzuri ni mapema asubuhi na jioni, lakini siku za baridi sana wengi wanangoja saa 8 ao saa 9 ya mchana, wakati jua limepasha kidogo mbao na maelezi ya gati.

Tumeulizwa kama kazi hii ina hatari. Iko nayo, na haionekani. Mbao za gati asubuhi zina umande ulioganda, zinateleza kama sabuni. Mtu akianguka katika maji ya digri 10 ao chini yake, si kwanza baridi ya mwili wote inayomuua. Wale wanaofundisha wokozi majini wanafundisha hesabu hii: 1, 10, 1. Kwa dakika 1 ya kwanza pumzi inakatika kwa mshtuko, mtu anahema bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji anameza maji. Kwa dakika 10 hivi mikono na miguu bado vinasikia amri. Nyuma ya pale vidole havishiki kamba wala ubao, hata kwa mwogeleaji hodari. Na ni karibu saa 1 ndipo mwili wote umepoa mpaka mtu anazimia. Kwa hiyo wengi wanakufa wangali na nguvu moyoni, wakiwa metre mbili tu na gati, kwa sababu mikono imekataa. Jile ya kuelea inamshika mtu juu ya maji dakika ile ya kwanza, na ndiyo sababu wanaivaa hata kama maji ni ya kiuno. Hatari nyingine ya magati ni umeme: waya mbovu wa taa unaweza kutia umeme katika maji matamu, na anayeogelea anakakamaa bila kupiga kelele. Tarehe 4 mwezi wa 7, 2012, watoto walikufa namna hiyo katika Lake of the Ozarks.

Kuko tena maneno ya sheria, na hapa ndipo sisi tulijadiliana muda mrefu.

Kwa kawaida mtu mzima hawezi kuvua krapi bila kibali cha kulipia. Katika jimbo la Missouri sheria ya kawaida ni samaki 30 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Katika Minnesota, ambako baridi ni kali na samaki wanakua pole, ni 10. Na maziwa mengine yana hesabu yake na kipimo chake cha urefu. Katika majimbo mengi ni marufuku kabisa kuuza krapi uliyemvua mwenyewe. Tangu mwaka 1950 kuko pia sheria ya inchi nzima inayokata kodi juu ya vyombo vya kuvulia, na feza ile inarudi kutunza samaki. Mmoja wetu alisema: ni rahisi kwao kuhesabu 10, kwa sababu anayerudi na samaki 10 ataongeza nyama ya soko, kwetu mvuvi akihesabu 10, watoto watano hawatalipa minerval. Ni kweli, na hatukupata jibu la kumshinda. Lakini mwingine alikumbusha wale wanaovuta chandarua cha malaria ufukoni na kutoa vitoto vya samaki vya ukubwa wa kiberiti, ndoo nzima kwa mboga ya jioni moja. Vile vitoto vingekuwa soko la mwaka unaofwata. Tuliacha mazungumzo pale, kengele ilikuwa imelia.

Ugomvi wao mwingine ni juu ya magati yenyewe. Mara nyingi maji ni ya watu wote, lakini gati ni la mtu. Mvuvi anasema: mimi niko majini, sijagusa ubao wako. Mwenye gati anasema: ndoana yako imekaa katika kamba ya mashua yangu, na mtoto wangu ameikanyaga. Sisi tunaona kwamba mwenye gati ana haki ya kukasirika, maana ndoana iliyokatika chini ya mbao haioni mtu. Wavuvi wenye adabu wanashuka kuitoa, ao wanapita mbali wakiona watu wamekaa pale.

Neno la mwisho la sayansi. Mtu atasema: nikiisha kufikisha hesabu yangu, nitaendelea kuvua kwa mchezo na kuwarudisha majini. Kwa samaki wa metre 2 inawezekana. Lakini kumbukeni kanuni ya Boyle na Mariotte: gezi ikipunguziwa mkandamizo, inatanuka. Kwa kina cha metre 10 mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Krapi ana mfuko wa hewa ndani ya tumbo. Akivutwa kwa haraka kutoka metre 10, mfuko ule unataka kuwa mara mbili ya ukubwa wake. Macho yanatokeza, tumbo linavimba, na ukimrudisha majini anaelea ubavu mpaka ndege wamchukue. Krapi wengi wanaotolewa chini kupita metre 6 mpaka 9 wanakufa hata kama walionekana kuogelea. Kwa hiyo anayevua kilindini, hesabu yake ikitimia, hana mchezo tena. Anafunga fimbo na kurudi nyumbani.

Na nyumbani je? Wanamkata krapi mabamba mawili bila mifupa, wanaondoa ngozi, wanapaka chumvi na pilipili, kisha wanamgeuza-geuza katika unga wa mahindi na kumtia katika mafuta yanayochemka, dakika chache tu mpaka apate rangi ya dhahabu. Unga ni wa mahindi kama ule tunaosongea bukari, ila wao mara nyingi wanatumia wa mahindi ya manjano, tena wanausaga wa chenga kidogo ili ulie chini ya meno.